Chui Aliyenikatiza Kusoma

Nimeandika hadithi miaka mingi, na kitu changu kilichoonwa na watu wengi kuliko vyote ni video ya dakika moja ambamo sisemi neno hata moja. Nimesimama mbele ya kipaza sauti, hapa Nchelenge, kaye yangu, daftari la hadithi, mukononi, mudomo wazi, na mwanaume mwenye koti la mvua la njano ananitukana. Watu wanacheka mupaka wanashikana mabega. Mutu fulani aliiongezea muziki wa kucheza, na pale ninapofumba mudomo ngoma inalia pu! Nimeonyeshwa video hiyo na wauza samaki, na dereva wa basi la Mansa, na muuguzi aliyekuwa ananipima presha. Huyo alisimamisha kazi, akanitazama, akatazama simu yake, akanitazama tena. "Kumbe ni wewe!" Presha yangu ilikuwa juu siku hiyo, na sijui nimulaumu nani.

Sisemi hivi kwa kulalamika. Nataka kushukuru, lakini mimi nikitaka kushukuru ninaanza kwa kugomba kwanza. Mama yangu alisema nilizaliwa hivyo, nikalia kabla mukunga hajanigusa.

Habari yenyewe ni ya Mama. Tulivuka ziwa pamoja tukikimbia vita, yeye na mimi, kwenye mutumbwi uliojaa watu na masufuria, tukapita Kenani, kambi ya kupokea wakimbizi, kama wengine wote, tukapewa kiwanja na jembe. Baadaye nilipanga vyumba viwili huku ufukweni, kwa sababu ninanunua chisense, hawa dagaa wa ziwa letu, kwa wafanyabiashara wanaotoka ng'ambo, ninawaanika muchangani na kuwauza. Wakati dagaa wanakauka hakuna kazi ila kufukuza kuku, na hapo ndipo ninaandika. Kurasa zangu nyingi zinanuka samaki. Mama alikuja kukaa nami kwa sababu miguu yake ilikuwa inavimba, na kila siku, kati ya chai na maharagi, aliniuliza swali lile lile.

"Miye nikikufa huku, nani atanichimbia shimo?"

Lazima nieleze. Kwao Mama, kule ukingo wa pili wa ziwa, mutu hazikwi na watu wake. Mutoto wako hashiki jembe, ndugu yako hashuki kaburini. Wanaochimba ni watani, watu wa ukoo uliopangiwa ukoo wako tangu zamani. Hao ndio wanabeba, ndio wanafukia, na hao hao ndio wanamutukana marehemu mbele ya wafiwa mupaka wanaolia wanacheka bila kutaka. Mama ni wa ukoo wa Mbuzi, nami ni wa Mbuzi, kwa kuwa ukoo unatoka kwa mama. Watani wetu ni watu wa ukoo wa Chui. Chui anakula mbuzi, basi ni kazi ya Chui kumuweka Mbuzi ardhini. Vita ilipokuja, Chui wetu walitawanyika kama sisi, wengine huku, wengine kule, na Mama alikuwa amefika mahali ambapo hajui Chui hata mumoja.

"Mama, kanisa litakuzika," nilimuambia. "Kwaya yote itakuja."

"Kwaya itaimba. Sawa. Na nani atanitukana?"

Nilicheka. Mimi nilikulia Lubumbashi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mugodi, ambako jirani mumoja alizikwa na wenzake wa zamu na mwingine na chama cha mupira. Utani wa koo nilikuwa ninaujua kama ninavyojua jina la babu wa babu yangu, kitu cha kujibu ukiulizwa. Sikuona kwamba Mama alikuwa anaogopa kweli. Aliogopa kuwekwa shimoni na watu wanaomuheshimu tu, wasiomujua.

Basi mwalimu mumoja wa hapa akaandaa siku ya vitabu kwenye ukumbi ulio karibu na ofisi za halmashauri, akanialika nisome. Nilifua kitambaa changu kizuri. Mama akanipa sharti moja.

"Ukisimama mbele ya batu, anza na ukoo yako. Sema uko Mbuzi."

"Mama, ni siku ya vitabu, si kilio."

"Sema tu. Kinywa yako haitavunjika."

Nikaahidi ili anyamaze. Hivi ndivyo nilivyokuwa ninamutii Mama, kwa kuchoka.

Ukumbi ulijaa. Nilifurahi, mupaka nilipogundua kwamba walikuja kwa ajili ya muimbaji. Kijana alipanda jukwaani na miwani ya jua ndani ya nyumba, akachomeka flashi kwenye redio, na sauti yake ikaimba yenyewe huku yeye anatingisha mabega. Umeme ukakatika katikati. Sauti ikapotea, midomo ikaendelea kidogo, kisha ikaona aibu ikasimama. Watu walimupigia makofi vilevile. Niliandika hilo kwenye jalada la kaye, kwamba musanii wa kweli ni yule anayependwa hata umeme ukiwa umekatika, na nikaona wivu. Umeme uliporudi wakaniita mimi.

Kwa kuwa ninaandika Kiswahili na wengi ukumbini ni watu wa Kibemba, nilitafutiwa mukalimani. Na mukalimani alikuwa nani? Yule yule anayetafsiri filamu za kupigana kwenye banda la video karibu na soko! Baba wa watoto watano, mupole kabisa ukikutana naye anatafuta sukari, lakini mupe kipaza sauti uone. Anaigiza bunduki, farasi, mwanamuke anayelia na mume anayekufa, vyote peke yake.

Hadithi yangu ilikuwa ya kimya. Mwanamuke anarudisha sufuria aliyoazima kwa jirani yake miaka kumi nyuma. Ni hivyo tu. Nilisema kwanza kwamba mimi ni wa ukoo wa Mbuzi, haraka haraka, kama mutu anayemeza dawa, kisha nikasoma mustari wa kwanza. "Alifika mulangoni, akasita." Mukalimani akapumua. Akarudi hatua mbili. Akafanya mulango, krrrii. Akafanya mbwa wa jirani. Akafanya upepo, ambao sikuuandika, na ngurumo, ambayo ilikuwa haina sababu hata moja kwa sababu ilikuwa kiangazi. Watu wakashika vifua. Nikasoma, "Sufuria ilikuwa mukononi," na alipomaliza kutafsiri mwanamuke mumoja wa safu ya mbele akafunika macho ya mutoto wake. Mupaka leo sijui alitia nini ndani ya sufuria ile, na bado kuna watu sokoni wananiuliza kama polisi walifika.

Nilikuwa kwenye ukurasa wa pili wakati mutu mumoja aliposimama nyuma. Muzee wa miaka hamsini na kitu, koti la mvua la njano mwilini na jua liko kali. Nilimujua kwa sura. Anashona nyavu pale wanapotia nanga wavuvi wanaotoka Puta. Hakuwa anacheka. Alinyoosha kidole.

"Iwe mbushi!"

Kibemba changu ni kidogo, lakini hilo nililisikia. Wewe mbuzi!

Akalirudia mara tatu, akija mbele. Mukalimani, Mungu amusamehe, aliona kazi imebadilika akaanza kunitafsiria mimi, kwenye kipaza sauti, kwa ile sauti ya jambazi anayotumia kwenye filamu. "Nani amemufungua mbuzi huyu? Tangu lini mbuzi anasoma karatasi? Mbuzi karatasi anaikula! Mumetoka kwenu munatafuna mihogo yetu, sasa munataka na kipaza sauti? Tena amekonda! Mukiniletea mbuzi, mumulishe kwanza. Mimi nitakula mifupa?"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Wewe unayesoma umeshaelewa. Mimi, mwandishi, mutu wa kuchungulia mioyo ya watu, sikuelewa kitu. Nilisikia tu mumetoka kwenu. Nilisikia mihogo yetu. Nilikumbuka kila biro, kila ofisi niliyopanga mustari, kila karani aliyetazama karatasi yangu kabla ya uso wangu. Nikafunga kaye, nikatokea mulango wa nyuma, upande wa vyoo, nikatembea kwa muguu mupaka nyumbani na jua la saa sita kichwani.

Mama alikuwa kwenye mukeka anachambua maharagi. Nikaitupa kaye kwenye kikapu cha kuni.

"Sisomi tena. Na kuandika, basi! Kesho uwashie moto hiyo."

"Banakufanya nini?"

Nikamuambia. Sikupanga maneno. Mama akaacha maharagi.

"Alisema mbuzi?"

"Mara tatu!"

"Na ulikuwa umesema ukoo yetu?"

"Si wewe ulinituma?"

"Akasema umekonda?"

"Alisema atakula mifupa, Mama! Mbele ya watu wote!"

Mama akafunika mudomo kwa mukono. Mabega yake yakaanza kutingishika na mimi nikajuta, nikaona nimemuliza mama yangu muzee kwa sababu ya mulevi mumoja. Kisha ungo ukapinduka, maharagi yakamwagika, na nikasikia kwamba anacheka. Tangu tuvuke ziwa nilikuwa sijamusikia anacheka hivyo.

"Ni Chui!" alisema. "Mutoto yangu, ndio Chui! Kumbe bako huku pia! Rudi umuite!"

Hapo nikaelewa, na hapo ndipo nilipokosea vibaya. Aibu haigeuki haraka. Nilikuwa nimelia njiani, nimeonwa na watu, na sasa nimurudie yule yule nimuambie karibu nyumbani? Nikamuambia Mama sirudi. Akaniambia nina kichwa cha mbuzi kweli. Tukanuniana mupaka jioni.

Kesho yake video ilikuwa kila mahali. Wauza samaki waliniita Mbuzi wakipima dagaa. Watoto waliniimbia ule muziki, na pale pa ngoma walipiga sufuria. Na mimi, kila asubuhi, badala ya kupita pale muzee wa koti la njano anaposhona nyavu, nilizunguka nyuma ya kisima, njia ndefu yenye tope. Wiki tatu nilifanya hivyo. Wiki tatu Mama alikaa mulangoni kwenye kigoda, miguu imevimba, anatazama kila anayepita. Hakuniuliza tena nani atamuchimbia. Alikuwa anajua kwamba ninajua, na hilo lilikuwa baya kuliko maswali. Ninaliandika hapa kwa sababu ni kosa langu na sitaki kulificha ndani ya hadithi ya mutu mwingine.

Mwishoni Mama alijisaidia mwenyewe. Alimuona mukalimani anapita, akamuita, akamuambia, "Nenda kwa yule Chui. Muambie mbuzi muzee anaoza kwa kungoja." Unafikiri alipeleka ujumbe ule kwa sauti ya kawaida? Nusu ya ufukwe ilisikia.

Muzee akaja siku ile ile. Hakubisha hodi. Alipita kando yangu bila salamu, akachukua dagaa konzi moja kutoka kwenye mukeka wangu, akawatia mufukoni mwa koti, akaingia, akamusimamia Mama. Kiswahili chake ni cha soko, kinajua kushusha bei na kutukana, hayo mawili tu. Mengine aliyasema kwa Kibemba, na Mama alikuwa anakijua tangu utoto wake ng'ambo.

"Huyu ndiye mbuzi muzee? Nilifikiri ni ngozi imeanikwa."

Mama akajinyoosha. "Na weye ni Chui? Meno iko wapi? Chui gani anakula dagaa ya kuiba?"

"Nimekuja kuona kama kuna nyama. Hakuna. Nitarudi bure."

"Rudi! Nani atalilia paka?"

Walikwenda hivyo saa nzima. Majirani walijaa mulangoni. Alichukua kigoda cha Mama akakikalia, akanywa chai yangu, akaniambia sukari imepungua. Nilisimama na birika mukononi kama mugeni katika nyumba yangu mwenyewe. Kisha Mama akaacha kucheka, akamuuliza polepole, kwa Kibemba, na hilo nililielewa lote.

"Utachimba?"

Muzee naye akaacha kucheka. "Nitachimba. Nitachimba refu sana, usitoke kula mihogo yangu."

Mama akafumba macho. "Aksanti," alisema. "Aksanti, shetani weye."

Usiku ule nilitafuta kaye yangu kwenye kikapu cha kuni, haikuwemo. Mama alikuwa ameitoa siku ile ile niliyoitupa, akawa anaikalia kwenye kigoda wiki zote tatu. Kurasa zilikuwa zimekunjana, lakini hakuna hata moja iliyopotea.

Nikarudi kusoma. Lakini sasa niliposoma bila muzee watu walikuwa wanatazama mulango. Mwalimu wa shule moja kule Puta alinipigia simu kunialika, akanisifu sana, akamalizia, "Na yule Chui, mutakuja naye?" Tulikwenda wote wanne, mimi, Mama, mukalimani na muzee na koti lake. Mimi nilisoma, mukalimani akaongeza mbwa na ngurumo, muzee akasimama kunitukana kila nilipofika pazuri, na Mama alimujibu kutoka safu ya mbele. Kuna waandishi duniani wanaosomea watu walio kimya, wenye glasi za maji mezani. Mimi niliwahi kuwaonea wivu. Siku ile nilipoona Mama amesimama juu ya miguu yake miwili iliyovimba, anamuambia mutu mbele ya ukumbi muzima, "Kaa chini, paka!", niliwaonea huruma.

Mama aliondoka mvua zilipoanza, alfajiri, akiwa amelala. Nilikuwa bado ninatafuta kitambaa cha kumufunika wakati nilipoona koti la njano linakuja chini ya mvua, na kwa mara ya kwanza koti lile lilikuwa na sababu. Jembe lilikuwa begani. Alikuwa na Chui wengine watatu. Sijui nani alimupasha habari, wala alikuwa amewaficha wapi. Nilikwenda kumupokea jembe, kwa heshima tu, akanisukuma mukono.

"Mbuzi hashiki hii."

Walichimba mupaka saa saba, udongo unateleza. Kwaya iliimba vizuri sana. Kisha, sanduku lilipofika, muzee akashuka kaburini akalala chali ndani yake, mikono kifuani, akakataa kutoka. Akasema ni fupi, mbuzi huyu ana pembe. Akasema wamulete tena nyumbani amalize maharagi. Akasema alimupenda kwa sababu hajawahi kuona mbuzi mwenye meno makali hivyo, na kwamba nani sasa atamuita paka. Jirani akamutupia kuku, malipo ya mutani, ili atoke, naye akamukamata kuku kwa miguu, akatoka na tope muguuni mupaka shingoni. Watu walikuwa wanacheka na kulia. Mimi pia. Machozi na kicheko vilitoka pamoja na sikuweza kuvitenganisha, na nilifikiria jinsi Mama angefurahi kuona kwamba hakuna mutu hata mumoja pale aliyemuheshimu tu.

Baada ya mazishi nilikaa ukutani. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Muzee akaja na sahani ya bukari, ugali wetu, na chisense, akaiweka mbele yangu, akachuchumaa. Akaongea Kibemba, mukalimani akiwa kando yake, na mukalimani akatafsiri kwa sauti ndogo, sauti ya baba wa watoto watano, bila kuongeza mbwa wala upepo.

"Anasema, kula."

"Muambie sina njaa."

"Anasema hakukuuliza njaa. Anasema alikuambia siku ile ukumbini umekonda, wewe ukakimbia. Anasema yeye hali mifupa. Ule, unenepe. Siku yako ikifika, atakuja."

Muzee alikuwa ananitazama, hacheki, kidole kimenyooshwa kama siku ile. Nikanawa mikono, nikala.